Jinsi ya kugeuza friza ya mlango wa juu kuwa mashine ya bia ya kegi nyumbani

Wageni wakishuka chumba cha chini cha nyumba yangu hapa Minneapolis, swali lao la kwanza huwa hili: mbona friza yako imevishwa mbao? Ni friza ya kawaida ya mlango wa juu, ile ambayo kwetu Moshi ingejaa samaki na nyama ya Krismasi. Ila kati ya mwili wake na mlango nimeweka fremu ya mbao, na kwenye mbao hizo zimechomoza koki nne. Ndani mna kegi nne, yaani mapipa membamba ya chuma, za bia niliyopika mwenyewe pamoja na mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi inayoisukuma bia. Unavuta mkono wa koki, bia inashuka ya baridi, ikiwa na povu la unene wa vidole viwili juu yake.

Wapika bia wa nyumbani wa Marekani wamezijenga mashine hizi kwa miaka mingi. Rais Jimmy Carter alitia saini mwezi Oktoba 1978 sheria iliyowaruhusu kupika bia nyumbani bila kulipa kodi: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, galoni 200 (karibu lita 757) kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, na isiwe ya kuuza. Majimbo yalichelewa kufuata. Mississippi na Alabama yaliruhusu mwaka 2013. Kama unaishi kwingine, soma kwanza sheria ya hapo ulipo. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya vileo ya mwaka 2010 inayodai leseni kwa anayetengeneza kileo. Mashine yenyewe haichagui kinywaji. Nyumba isiyokunywa pombe inaweza kuijaza maji ya soda, tangawizi iliyochujwa vizuri au kahawa baridi, na kila hatua nitakayoeleza itabaki ile ile.

Nimejenga mbili. Ya kwanza niliijenga peke yangu na ilinisumbua miezi. Ya pili nilisaidiana na shemeji yangu, ambaye ni seremala, na hiyo ndiyo ninayoieleza hapa. Jambo nililojifunza kati ya hizo mbili ni kwamba povu likizidi, bia haina kosa. Kuna vitu vitatu vinavyopaswa kupatana: ubaridi, presha ya gesi na urefu wa mpira unaopeleka bia kwenye koki. Karibu kila kipande cha kazi hii kipo ili vitu hivyo vitatu visigombane.

Kuchagua friza

Usinunue kabla ya kupima. Kegi tunazotumia ni za lita 19, yaani galoni 5, nyembamba na ndefu, zilizotengenezwa zamani kwa ajili ya soda. Huitwa kegi za Cornelius, kwa jina la kampuni iliyoanzia hapa hapa Minnesota miaka ya 1930. Migahawa ilikuwa ikipokea maji mazito ya Pepsi na Coca-Cola ndani yake. Biashara ya soda ilipohamia kwenye maboksi yenye mfuko wa plastiki ndani, kegi hizo zikabaki maghalani, na wapika bia wakazidaka kwa bei ndogo. Za Pepsi hufunga kwa gololi, za Coca-Cola hufunga kwa pini. Ya gololi ina kipenyo cha kama sentimita 22 na kimo cha kama sentimita 63. Ya pini ni fupi na nene kidogo. Chagua aina moja ubaki nayo, kwa sababu viungio vyake haviingiliani.

Kata miduara ya boksi yenye kipenyo cha sentimita 23, ibebe hadi dukani, uipange chini ndani ya friza unayoitaka. Nilifanya hivyo mbele ya watu na sijutii, kwa sababu ujazo ulioandikwa kwenye lebo hauonyeshi umbo la ndani. Upande mmoja utakuta kidaraja. Kompresa imekaa chini yake. Kegi haisimami hapo, ila mtungi wa gesi unasimama vizuri. Friza yangu ina futi 7 za ujazo, karibu lita 200, nayo inabeba kegi nne na mtungi wa ratili 5. Ya futi 5 ihesabu kuwa ya kegi mbili.

Friza iliyotumika inafaa sana, ikiwa nzima. Iwashe usiku kucha kabla ya kulipa, uone kama inagandisha maji. Kisha weka noti kati ya raba ya mlango na mwili, funga, uvute. Noti ikitoka bila kukataa, raba imekufa. Zungusha jaribio hilo pande zote nne.

Mwili wa friza hautobolewi

Kwenye friji ya kusimama, watu hutoboa mlango na kupitisha koki. Ukileta mazoea hayo kwenye friza ya mlango wa juu utaiua. Mabomba ya gesi ya ubaridi yamezungushwa ndani ya kuta zake. Mengine yako nyuma tu ya bati la nje, na huwezi kuyaona. Keekee ikigusa moja, friza imekwisha. Tena friza nyingi za sasa zinatumia isobutani, ambayo kwenye lebo huandikwa R600a, na hiyo ni gesi inayowaka. Cheche ya keekee na gesi inayowaka havikutani salama.

Ndiyo maana tunajenga kola ya mbao, ile fremu inayokaa kati ya mwili na mlango. Koki, nyaya, waya wa kipimajoto, vyote vinapita kwenye mbao, na friza inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Ukichoka na bia mwaka kesho, unatoa kola, unarudisha mlango, unaweka samaki.

Kujenga kola

Hapa usiwe na haraka. Shemeji alinunua mbao za mbili kwa sita, ambazo zikishapigwa randa hapa Marekani huwa na unene wa milimita 38 na upana wa milimita 140. Upana huo unatosha kubeba koki na kuongeza nafasi ya viungio juu ya kegi. Ukitumia mbili kwa nane utapata nafasi zaidi, lakini kumbuka kwamba kegi iliyojaa ina uzito wa karibu kilo 24, na kila sentimita unayoongeza juu utaipandisha kwa mgongo wako.

Anza kwa kutoa mlango. Chomoa plagi, fungua mlango hadi usimame wima, na mtu wa pili aushike. Bawaba za friza hizi zina springi zenye nguvu. Zikifunguliwa mlango ukiwa umelala, zinaruka na kuvunja vidole. Fungua skrubu za upande wa mwili, uuweke mlango kando juu ya shuka ili raba isikunjike.

Pima ukingo wa juu wa friza kutoka nje hadi nje, urefu na upana. Kata mbao nne, ziunganishe kwa gundi ya mbao na skrubu ndefu, tatu kila kona. Kabla gundi haijakauka, pima kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, fremu iko sawa. Visipolingana, isukume kidogo hadi vilingane. Shemeji alirudia kipimo hiki mara tatu, nami nikawa na haraka nikamwambia, "Shemeji, si inatosha?" Akanijibu, "Shemeji, mlango wa friza hausamehi." Alikuwa sahihi. Raba ya mlango sasa inakalia mbao badala ya bati, hivyo uso wa juu wa kola lazima uwe tambarare na laini kabisa. Piga randa, kisha msasa, kisha pitisha kiganja ukiwa umefumba macho.

Kisha toboa matundu ya koki kwenye ubao wa mbele. Tundu moja liwe la inchi moja, milimita 25, na kati ya tundu na tundu acha angalau sentimita 10, la sivyo mikono ya koki itagongana. Bana kipande cha mbao chakavu nyuma ya ubao unapotoboa ili usichanike unapotokea. Kwenye ubao wa nyuma toboa tundu dogo la nyaya.

Paka vanishi pande zote, na ndani pia. Watu hupaka nje peke yake kwa sababu ndiko kunakoonekana, na unyevu unaishi ndani. Mbao isiyopakwa ndani huota ukungu mweusi ndani ya msimu mmoja. Vanishi ikikauka, gundisha kwa ndani bodi za povu gumu, zile za kuzuia joto kwenye kuta, unene wa inchi moja, ukiacha nafasi kuzunguka matundu ya koki, na uzibe maungio kwa utepe wa foili.

Namna ya kuikalisha kola juu ya friza zipo mbili. Wengine hupaka silikoni wakaigandisha moja kwa moja. Mimi nilibandika utepe wa sponji, ule wa kuziba upepo milangoni, kwenye ukingo wa chini wa kola, nikaiweka juu, na uzito wa mlango ukaibana. Inaziba vizuri na inaondoka siku ukitaka. Ukichagua silikoni, iache saa 24 wazi kabla ya kuwasha friza, hadi harufu yake kama siki iishe.

Mwisho, funga bawaba nyuma ya kola kwa skrubu za mbao, rudisha mlango, na urudie jaribio la noti.

Kidhibiti joto

Friza imetengenezwa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Bia ya kilevi cha asilimia 5 huganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Sisi tunataka nyuzi 3 juu ya sifuri. Hakuna haja ya kufungua friza wala kugusa nyaya zake: nunua kidhibiti joto cha nje. Plagi ya friza inaingia kwenye kidhibiti, na kidhibiti kinaingia ukutani. Kina waya mwembamba wenye kipimajoto mwishoni. Ndani kukifika nyuzi ulizoweka, kinakata umeme, kukipanda, kinaurudisha. Mimi natumia Inkbird, na zipo za aina nyingine. Angalia tu kwamba ni ya umeme wa kwenu: hapa ni volti 120, Afrika Mashariki ni 230 hadi 240.

Weka nyuzi 3, tofauti ya nyuzi 1, na subira ya kompresa isiyopungua dakika 5. Subira hiyo ni muda ambao kompresa hupumzika kabla ya kuwaka tena, na bila hiyo itawaka na kuzima hadi iungue.

Kipimajoto usikiache kikielea hewani. Hewa hubadilika haraka. Ukifungua mlango tu, friza itadhani kuna joto. Kibandike ubavuni mwa kegi, katikati ya kimo chake, ukifunike kwa kipande cha sponji na utepe, kipime bia yenyewe.

Sasa feni. Hewa baridi ni nzito, hulala chini. Bila feni, chini ya kegi kutakuwa na nyuzi 2 na juu kwenye koki nyuzi 10 au zaidi. Bia ikipita kutoka baridi kwenda joto, gesi inatoka ndani yake, na glasi ya kwanza inajaa povu. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, ikiungwa na adapta kuukuu ya volti hizo hizo, inatosha. Ifunge karibu na sakafu ya friza na uielekeze juu, kwenye koki, iache ikizunguka mchana na usiku. Friza yangu ya kwanza haikuwa na feni, na nilipoteza miezi minne nikibadilisha presha kila wiki, kumbe tatizo lilikuwa hewa iliyosimama.

Unyevu nao utakuwepo daima. Weka kifuko cha silika cha kukaushwa na kurudishwa, na futa sakafu kila unapobadilisha kegi.

Gesi

Mtungi wa kaboni dayoksaidi wa ratili 5, kilo 2.3, kwangu unasukuma kegi sita hadi nane. Unasimama wima muda wote, kwa sababu ndani kuna gesi iliyogeuka maji, na ukilazwa maji hayo yataingia kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, na kuiharibu. Kwa sababu hiyo hiyo, saa ya presha ya mtungi haikuambii gesi iliyobaki. Itasimama pale pale hadi tone la mwisho, kisha ianguke ghafla. Pima mtungi kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake; toa huo, kinachobaki ndiyo gesi.

Regyuleta inafungwa kwenye mtungi kwa nati kubwa, na katikati pana washa ya nailoni. Usiisahau, na usiitumie mara nyingi. Ni ya bei ndogo na ndiyo inayovujisha mitungi mingi. Kutoka regyuleta, mpira wa gesi unaingia kwenye kigawanyio chenye njia nne, kila njia na koki yake ndogo na valvu ya kuzuia bia isirudi nyuma. Kutoka hapo, mpira mmoja kwa kila kegi, ukiishia kwenye kiungio cha rangi ya kijivu. Kijivu ni cha gesi, cheusi ni cha bia. Ukikilazimisha kimoja mahali pa mwenzake kinaweza kuingia, na kukitoa ni kazi ya spana na jasho.

Fungua gesi, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo ukitumia brashi laini. Mahali panapochemka mapovu panavuja. Ukimaliza, funga valvu ya mtungi na uandike namba ya saa zote mbili. Ziangalie asubuhi. Fanya jaribio hili kegi zikiwa tupu, kwa sababu bia inayonyonya gesi itashusha presha na kukufanya utafute mvujo usiokuwepo.

Sasa usalama, na hili nalisema kwa uzito wote. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa na pua haiigundui mapema. Friza ya mlango wa juu ni kama beseni: gesi ikivuja, inajaa humo na kutulia. Ukifungua mlango, usiinamishe kichwa ndani mara moja. Uache wazi dakika chache, chumba kiwe na hewa. Ukihisi kichwa kinauma au pumzi inakwenda mbio, toka nje kwanza, ukaguzi baadaye. Watoto wasicheze karibu na friza hii, na mlango wake uwe na kufuli. Chumba cha chini kisicho na dirisha kinahitaji kengele ya kaboni dayoksaidi. Ile ya moshi haiitambui.

Koki na mpira wa bia

Nunua koki za chuma kisichoshika kutu, pamoja na shingo zake, yaani yale mabomba mafupi yenye nyuzi yanayopita kwenye ubao. Za shaba iliyopakwa kromu ni nafuu, ila kromu ikibanduka bia inaonja chuma. Kuna koki zinazofunga kwa nyuma na zinazofunga kwa mbele, karibu na mdomo. Za mbele ndizo nzuri kwa nyumbani: za nyuma huacha bia ikikauka ndani, na baada ya siku tatu bila kutumika mkono wake unanata. Shingo iwe na urefu wa kutosha kupita mbao na povu gumu. Yangu ina inchi 4 na kidogo.

Mpira wa bia uwe wa daraja la chakula, tundu la inchi 3/16, yaani milimita 4.8. Kata mita 3 kwa kila koki. Wengi huona ni mrefu mno kwa safari ya nusu mita, wakakata mfupi ili upangike vizuri. Hapo ndipo povu linapozaliwa. Urefu wa mpira ndio breki: bia inatoka kwenye kegi ikisukumwa kwa presha, na msuguano ndani ya mpira unaipunguza kasi taratibu ili ifike kwenye koki ikiwa tulivu. Mpira mfupi unaitema. Uzungushe mduara juu ya kegi, uufunge kwa utepe, uishie hapo. Ukiona bia inatoka polepole mno, unaweza kukata sentimita 15 kwa wakati mmoja. Kurefusha mpira uliokatwa huwezi. Kila mwisho wa mpira ubanwe kwa klipu ya chuma, na ukiwa mgumu kuingia uchovye kwenye maji ya moto kwanza.

Presha na ubaridi

Bia ikiwa kwenye nyuzi 3 na presha ya psi 12 (psi ni ratili kwa inchi ya mraba), itanyonya gesi kama mara mbili na nusu ya ujazo wake, ambacho ni kiasi cha bia nyingi za kawaida. Unganisha gesi, weka psi 12, uiache wiki moja na nusu hadi mbili. Wenye haraka hupandisha hadi psi 30 kwa siku moja na nusu, kisha wakaifungulia valvu ya kifuniko na kurudisha 12. Nimefanya hivyo mara nyingi, na mara nyingi nimezidisha. Subira inatoa bia bora.

Anayeishi mwinuko wa juu aongeze kidogo, kwa kuwa hewa ya nje inasukuma kwa unyonge zaidi: kama nusu ya psi kwa kila mita 300. Minneapolis mimi sijali sana. Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni psi 2 na zaidi kidogo. Nairobi inakaribia 3.

Kumimina: inamisha glasi safi, vuta mkono wa koki wote kwa mara moja, na ukikaribia kujaa isimamishe glasi ili povu lipande. Koki iliyofunguliwa nusu hutoa povu hata kama kila kitu kingine kiko sawa, na hili ndilo kosa la kila mgeni wangu.

Povu likisumbua, usianze kugeuza regyuleta. Angalia kwanza linatokea lini. Likiwa kwenye glasi ya kwanza tu, kisha ya pili inatoka safi, koki zina joto, angalia feni. Likiwa kwenye kila glasi, ama mpira ni mfupi ama bia imenyonya gesi nyingi; zima gesi ya kegi hiyo, fungulia valvu ya kifuniko mara kadhaa kwa siku, subiri. Ukiona vipovu vinapita ndani ya mpira tangu kwenye kegi, oringi, yaani pete ndogo ya mpira, ya bomba la bia imechoka. Badilisha, upake grisi ya chakula.

Majira ya baridi, na joto la Dar

Friza yangu ya kwanza ilikaa kwenye banda la gari. Januari ya kwanza, nje kulishuka nyuzi 25 chini ya sifuri, na ndani ya banda nako kukashuka chini ya sifuri. Kidhibiti kilifanya kazi yake: kilizima friza. Lakini kilijua kuzima baridi tu, na hakikuwa na chochote cha kuleta joto. Kegi tatu ziliganda, bia ya wiki sita za kazi, na moja ilisukuma kifuniko chake. Nililala vibaya siku hiyo. Vidhibiti vingi vina soketi ya pili ya kuwasha joto. Unachomeka hapo mkeka mdogo wa joto wa wati chache. Mimi nilichagua kuhamia ndani ya nyumba.

Kwa aliye Dar es Salaam au Mombasa shida ni ya upande wa pili. Iweke mahali pasipopigwa na jua, iachie nafasi ya kiganja kizima kila upande ili bati lipumue, na uweke kinga ya umeme mdogo na umeme unaorudi kwa kishindo. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Kegi nne zilizojaa ni karibu lita 76 za kimiminika baridi, na hukaa na ubaridi wake saa nyingi.

Shemeji alipokunywa glasi ya kwanza aliitazama, akasema, "Shemeji, hii ingefaa mbege," yaani ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nilitamani iwe hivyo. Lakini mbege ina ulezi mzito unaoziba valvu ndogo za kegi, na haitulii: inaendelea kuchacha, leo si ya jana. Ni kinywaji cha kunywewa siku yake, kwenye kata, na friza hii haitaiongezea kitu.

Usafi, na kegi ikiisha

Kila wiki mbili pitisha dawa ya kusafishia mipira, iliyopimwa kama chupa inavyosema, iache dakika 15, kisha maji mengi. Vaa glovu na miwani, dawa hizo zinachoma. Kila miezi mitatu tumia ya asidi kuondoa magamba meupe. Mimi huandika tarehe kwa chaki ndani ya kola, juu ya kila koki.

Kegi ikikaribia kuisha, koki inatema hewa na bia kwa zamu. Funga njia yake ya gesi kwenye kigawanyio, toa viungio vyote viwili, vuta pete ya valvu ya kifuniko hadi mlio uishe kabisa, ndipo ufungue kifuniko. Osha kegi siku hiyo hiyo, kabla mabaki hayajakauka, itie dawa ya kuua vijidudu, jaza bia mpya, uirudishe kwenye psi 12. Kabla ya kufunga mlango, sikiliza kidogo. Ukisikia feni peke yake, hakuna kinachovuja.